Darasa la Kaskazi

Mtoto aliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kalenda ya ukutani ili ajue kwamba kaskazi imeingia. Huijua kwa pua na kwa masikio. Harufu ya nyavu zilizoanikwa hupenya vichochoro vya Kibokoni, sauti za mabaharia wanaopakua samaki husikika mapema, na pale sokoni karibu na Bandari ya Kale watu husukumana kugombea changu na kolekole. Mimi nilikuwa na alama yangu nyingine, ambayo nadhani wengi wa rika langu tuliosoma shule za msingi za kisiwani tunaikumbuka: daftari la mahudhurio. Kila Januari mwalimu alipoita majina asubuhi, mwishoni mwa orodha palikuwa na majina sita au saba yaliyoandikwa kwa penseli. Kufikia Aprili yalikuwa yamekwisha kufutwa.

Hao walikuwa watoto wa dago. Kwa msomaji asiyetoka pwani, dago ni kambi ya wavuvi waliohama kwao kwa msimu kufuata samaki. Huja na mashua zao, nyavu zao, masufuria yao, na mara nyingine wake na watoto wao. Hupanga vyumba au hujenga vibanda vya makuti karibu na maji, na hukaa maadamu upepo unaruhusu. Upepo ukigeuka, huondoka. Waliokuja kwetu aghalabu walikuwa Wapemba, na baadhi yao Wabajuni kutoka upande wa Lamu. Wapemba hao wasidhaniwe kuwa ni wageni wa jana. Wengi walikuwa wamezaliwa upande huu wa mpaka, Kwale, Mombasa na Kilifi, na wazee wao walitua hapa kabla ya uhuru wa 1963, wakati ambapo mvuvi aliyeng'oa nanga Wete akaja kutia Shimoni hakujihisi kwamba ametoka nchi moja kuingia nyingine.

Kaskazi huvuma tangu Novemba hivi hadi Machi. Baadaye huja kusi pamoja na mvua ya mwaka, ambayo vitabu vya shule huiita masika, na bahari ya kusi ni kali kwa chombo kidogo. Wazee wa mwambao waliuhesabu mzunguko huo kwa Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, kisha wakazigawa siku zake katika miongo, kila mwongo siku kumi, ili baharia ajue wakati wa kushusha chombo na mkulima ajue wakati wa kupanda. Ni hesabu yenye ustaarabu wake. Wizara ya Elimu nayo, katika siku zetu, ilikuwa na hesabu yake: muhula wa kwanza Januari, wa pili Mei, wa tatu Septemba, na mitihani kuelekea mwisho wa mwaka. Ukiziweka hesabu hizi mbili sambamba, utaona jinsi mtoto wa dago anavyopasuliwa katikati. Anaondoka kule alikokuwa wakati wenzake wanajiandaa kwa mtihani. Anaingia kwetu mwaka ukianza, bila ya ripoti wala barua ya uhamisho. Na kabla hajalizoea dawati lake, tanga limekwisha pandishwa. Wapo niliowajua ambao walisoma shule tatu katika mwaka mmoja, na katika zote tatu walikuwa wageni.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Rais Mwai Kibaki kuanzisha elimu ya msingi bila malipo Januari 2003. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Kati ya hizo, 650 ziliingia katika akaunti ya vitabu na vifaa vya kufundishia, iliyokuwa na jina tamu la SIMBA, na 370 zikaingia katika akaunti ya matumizi ya jumla: ujira wa wafanyakazi wasio walimu, ukarabati, maji, umeme na mengineyo. Bila shaka sikuyajua haya nilipokuwa mtoto. Niliyajua baadaye, nilipokuwa nikifundisha kwa kibarua cha halmashauri ya shule kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, na nilipoyajua ndipo nilipoielewa ile penseli. Fedha zilihesabiwa kwa vichwa, na vichwa vilihesabiwa katika siku maalumu. Jina la wino lilikuwa na shilingi 1,020 nyuma yake. Jina la penseli halikuwa na kitu.

Hata hivyo shule yetu, kwa muda, ilipata njia. Mwalimu mkuu wa wakati huo, mzee mpole aliyependa kuzungumza na wazazi barazani kuliko ofisini, alimtafuta binti mmoja wa mtaani aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi chuoni. Akamwandika katika orodha ya wafanyakazi wa kawaida, pamoja na bawabu na mpishi wa chai, ili apate kulipwa kutoka akaunti ya matumizi ya jumla. Kazi yake ilikuwa moja: kila alasiri, baada ya masomo na kabla ya madrasa, alikaa na watoto wa majina ya penseli katika chumba kilichokuwa ghala la viti vilivyovunjika. Aliwapima wamefika wapi katika hesabu. Aliwasomesha Kiingereza, kwa sababu kuanzia darasa la nne masomo yetu yote isipokuwa Kiswahili yalifundishwa kwa lugha hiyo, na wapo waliokuwa wametokea shule za Unguja na Pemba ambako kila kitu kilifundishwa kwa Kiswahili. Jioni alipita dagoni akawauliza akina mama ni nani hakuja na kwa nini. Walipokaribia kuondoka, aliwaandikia kwa mkono wake barua ya kwenda nayo huko waendako: huyu amefika hapa, kile amekielewa, kile bado. Hapakuwa na sera wala waraka uliomwamuru. Sisi watoto tuliliita darasa lake Darasa la Kaskazi, na jina hilo likakaa.

Mimi sikuwa mtoto wa dago, lakini nilikuwa nikiingia humo kwa sababu ya uvivu. Madrasa yetu ilikuwa karibu, na ghala lile lilikuwa na kivuli. Humo ndimo nilimokutana na msichana mmoja aliyekuja kwetu Januari 2008, tukiwa darasa la tano. Baba yake alikuwa nahodha wa mashua, mzaliwa wa Kwale, Mpemba kwa asili. Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa miaka miwili kwa shangazi yake huko Pemba. Kwa Kiingereza alikuwa bubu kabisa, na kwa hivyo katika somo la sayansi mwalimu alimweka nyuma pamoja na watukutu. Lakini akifungua kinywa kwa Kiswahili, hata walimu walinyamaza kidogo. Ndiye aliyenifundisha tofauti ya bamvua na maji mafu. Ndiye aliyeniambia kuwa demani si jina la mtu. Sisi watoto wa mjini tulijivunia Kimvita chetu, tukisema nti, mato na ndia mbele ya walimu wa kutoka bara ili kuwachanganya, na huku hatukujua jina la kamba hata moja katika jahazi.

Mwaka huo tuliandikishwa insha kuhusu majira tuyapendayo. Wengi tuliandika Ramadhani kwa sababu ya vyakula, wengine Desemba kwa sababu ya likizo. Yeye aliandika kwamba anapenda tanga mbili. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa sarufi, akapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: matanga mawili. Alisomewa kosa lake mbele ya darasa. Tanga ni la ngeli ya li-ya. Wingi wake ni matanga. Darasa likacheka, na baadhi yetu tukacheka zaidi kwa kuwa matanga ni kilio cha maiti, na msichana huyu alionekana kama anayependa misiba miwili. Yeye hakulia. Alikaa chini, akakunja daftari.

Alasiri, katika ghala, mwalimu wa kaskazi alilifungua daftari lile na kuuliza. Ndipo tukaelezwa kwamba tanga mbili ni jina la majira, lile gombo la wiki chache baina ya pepo mbili, ambapo siku moja upepo unatoka huku na siku ya pili unatoka kule, na chombo kinaweza kwenda upande wowote au kisiende popote. Msichana alipenda majira hayo kwa sababu baba yake hushinda nyumbani. Mwalimu wa kaskazi hakuwa amesoma isimu. Alichofanya ni kuchukua kalamu yake, akaandika chini ya ule wino mwekundu, kwa herufi ndogo za adabu: ni jina la majira, mwalimu, samahani. Kesho yake mwalimu wetu wa Kiswahili, na hili nalisema kwa heshima yake, alilisoma darasani, akasema kwamba leo amejifunza neno, na akaiongezea ile insha alama tatu.

Msichana aliondoka Aprili. Januari 2009 akarudi, akiwa na barua ya mkono kutoka mwalimu fulani wa upande wa Kilifi, majibu ya barua ya mwalimu wetu. Barua zile zilikuwa zimeanza kujibiwa. Nimewahi kulifikiria jambo hili mara nyingi tangu nilipoanza kusoma nadharia za fasihi na mawasiliano: kwa kalamu mbili na bahasha zilizotumika mara mbili, binti mmoja asiye na cheti cha ualimu alikuwa ameanza kuunda shule moja iliyotandaa pwani nzima, na mwanafunzi wake akaanza kushika mahali alipoachia. Msimu huo msichana alikaa dawati la mbele. Katika hesabu alinipita.

Januari 2010 alikuja tena. Darasa la Kaskazi halikuwapo.

Yaliyotokea katika ngazi za juu yako katika kumbukumbu za taifa. Mwaka 2009 ukaguzi ulifichua wizi wa fedha za elimu ya msingi katika wizara. Desemba mwaka huo Uingereza ilisimamisha msaada wake. Januari 2010 Marekani nayo ikasimamisha dola milioni 7. Ukaguzi uliofuata, uliotolewa 2011, ulikadiria kwamba zaidi ya shilingi bilioni 4 zilikuwa zimepotea. Yaliyotokea katika shule yetu ni madogo zaidi. Mwalimu mkuu mpya aliwaita wazazi, akawaambia kwamba fedha za muhula hazijafika, na kwamba zitakapofika itabidi kuanza na yale ya lazima. Bawabu alikuwa wa lazima. Maji yalikuwa ya lazima. Binti wa ghalani hakuwa na cheti, hakuwa katika waraka wowote, na watoto aliowafundisha hawakuwa katika hesabu iliyopelekwa wizarani. Hakuna mzazi aliyesimama kuuliza. Wazazi wa dago hawakuwa wamealikwa katika mkutano, na wetu, pamoja na mama yangu Mola amrehemu, walikuwa na mashaka yao. Mimi simlaumu mwalimu mkuu yule kama nilivyomlaumu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Niliposhika chaki mwenyewe nilijua kuwa mkato wa bajeti hauanzii penye mafuta. Huanzia pale ambapo hakuna wa kupiga kelele.

Msichana alikaa wiki tatu hivi katika darasa la saba. Halafu jina lake likafutwa, na safari hii haikuwa Aprili. Ilikuwa kabla ya mwisho wa Februari, na mashua ya baba yake ilikuwa bado imefungwa pale pale.

Sina budi kusema jambo ambalo kwa miaka mingi nililiweka kando. Mwaka 2011, mwaka nilioufanya mtihani wa KCPE, kulikuwa na shindano la insha baina ya shule. Niliandika kuhusu bahari. Nilimjaza humo baba nahodha ambaye sikuwa naye, na nilihitimisha kwa tanga mbili, nikiwa nimeieleza vizuri ili asije mtu akaipigia mstari. Nilishinda. Zawadi ilikuwa kamusi, na mwalimu wangu wa sekondari aliniambia baadaye kwamba ile kamusi ndiyo iliyoniingiza katika Kiswahili. Huenda. Lakini maneno yaliyoipata kamusi hiyo yalikuwa ya mtu ambaye mwaka huo hakuukalia mtihani wowote.

Tangu hapo nimekuwa na tabia ya kusoma kila ninachokiona kuhusu elimu ya watu wa kuhama. Kenya haikulisahau suala hili kabisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda Baraza la Kitaifa la Elimu kwa Jamii za Kuhamahama, NACONEK, na kaskazini mwa nchi, katika kaunti kama Turkana, Wajir na Garissa, zimekuwako shule za kuhamahama ambapo mwalimu hufuata ngamia na mbuzi pamoja na jamii yake. Nasema haya kwa shukrani. Lakini katika mawazo ya watunga sera wetu, mtu wa kuhama ni mtu wa mifugo na nchi kavu. Anayehama juu ya maji haonekani, labda kwa sababu hana vumbi. Nigeria iliona mbali zaidi: tume yake ya elimu kwa jamii za kuhamahama, iliyoundwa kwa amri ya 1989, iliwaweka wavuvi wahamaji pamoja na wafugaji.

Na si kwamba nchi tajiri zimetushinda. Nchini Ireland kuna jamii ya kuhama inayojulikana kwa jina la Travellers. Palikuwa na walimu wa kuzunguka, kazi yao kuzitembelea familia hizo na kuziunganisha na shule, karibu sawa na alivyofanya binti wetu jioni alipopita dagoni. Mdororo wa uchumi ulipokuja, serikali iliifuta huduma hiyo mwaka 2011, pamoja na walimu wa ziada waliokuwa shuleni kwa ajili ya watoto hao. Ripoti aliyoiandika Brian Harvey kwa ajili ya shirika la Pavee Point mwaka 2013 ilionyesha kwamba fedha za elimu ya jamii hiyo zilikuwa zimepunguzwa kwa asilimia 86.6 tangu 2008. Hakuna idara kubwa ya serikali inayokatwa kiasi hicho ikanyamaza. Miaka sita baada ya kuifuta huduma ile, Machi 2017, nchi hiyo iliwatambua rasmi kuwa jamii yenye asili yake. Nilipoisoma habari hiyo nilitabasamu kwa uchungu, kwa kuwa kwetu pia mambo yamekuja kwa mpangilio huohuo.

Wapemba wa Kenya walitambuliwa rasmi na Rais William Ruto Julai 2023. Kabla ya hapo wengi wao hawakuwa na kitambulisho, na mzazi asiye na kitambulisho hupata taabu kumtolea mwanawe cheti cha kuzaliwa. Jambo hili lingekuwa la ofisi za usajili tu lau si NEMIS, ule mfumo wa kompyuta ambao wizara ilianza kuutumia kugawia ruzuku miaka ya 2017 na 2018. Mwanafunzi aliingizwa humo kwa nambari ya cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti hakupata nambari ya mwanafunzi, na shule haikupata ruzuku yake. Nilikuwa nikifundisha wakati wa siku hizo. Nakumbuka mwalimu wa zamu akiwa mbele ya kompyuta, na mtoto amesimama kando yake na viatu vyake vimejaa mchanga, na kioo kikimkataa. Hakuna aliyemfukuza mtoto yule. Sisi walimu tulimwambia akae. Lakini wenye kusimamia hesabu walijua kwamba kila mmoja wa aina yake anakula vitabu vya wenzake, na mtoto naye si mjinga, hujua. Penseli ilikuwa imeingia ndani ya mashine.

Pengine msomaji atauliza mambo haya yanahusu nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Tuna kawaida, katika makongamano yetu, kusikitika kwamba istilahi za bahari zinatoweka, na kwamba vijana hawajui tena majina ya pepo. Kila mwaka hupendekezwa utafiti, na kila mwaka watafiti hushuka pwani na vinasa sauti kuyaokoa maneno kutoka vinywa vya wazee. Mimi ni mmoja wao. Tasnifu yangu inahusu lugha ya mabaharia katika ushairi wa Mvita. Lakini sijapata kusikia mwasilishaji hata mmoja akiuliza watoto wa wazee hao wako wapi, na kama wamo darasani. Tunayapenda maneno kuliko tunavyowapenda wasemaji wake, na nasema tunayapenda nikijijumuisha, mimi niliyekula kamusi nzima kwa maneno mawili.

Mwishoni mwa 2025 nilikwenda sokoni karibu na Bandari ya Kale kukusanya data. Mzee mmoja wa kushona nyavu, niliyemwamkia na kumwita ami kama tulivyofunzwa, alinisikiliza kwa subira, kisha akasema kwamba mambo hayo ya majina ya pepo yeye ameyasahau nusu, na kwamba kuna mama karanga mmoja pale nyuma, mwana wa nahodha, ambaye angeweza kunisaidia. Mama karanga ni wale wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza. Nilipomwona, alinitambua kabla yangu.

"Mwalimu wa insha," akasema.

Sikujua alijuaje kuhusu insha ile. Kisiwa ni kidogo. Nilianza kumwomba radhi, nikiwa nimesimama na daftari langu kama mwanafunzi, na yeye akanikatiza, "Hebu sogea, ndugu yangu, unanizibia upepo, moto wangu utazima." Akanipa kiti cha plastiki. Tulizungumza alipokuwa akigeuza samaki. Yule mwalimu wetu wa ghalani, aliniambia, aliolewa Malindi, na walikuwa wakipigiana simu. Baba yake alifariki miaka kumi iliyopita. Yeye mwenyewe alipata kitambulisho baada ya ile Julai 2023, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kwa hicho kitambulisho akaweza kuanza kumfuatilia mwanawe cheti. Mtoto alikuwa na miaka saba. Alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, akihesabu sarafu.

Alisoma wapi? Mwaka ule, shule mbili. Mume wake ni mvuvi, na dago halijabadilika. Shule ya pili iliwaomba wazazi mchango, ikisema kwamba fedha za serikali hazitoshi na zinachelewa. Nilimwambia kwamba hilo si uwongo. Julai mwaka huohuo Waziri wa Fedha John Mbadi alikuwa amewaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kulipa zile shilingi 22,244 zilizowekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na kwamba inatoa kama 16,900. Huko ni sekondari. Kwa shule ya msingi, kile kiwango cha 1,020 tulichokutana nacho 2003 kilipandishwa hadi 1,420, na yeyote anunuaye mafuta ya kukaangia anaweza kukwambia shilingi hizo mia nne zimekwenda wapi. Alinisikiliza. Akauliza, "Na hizo elfu moja na mia nne, zikishalipwa shule ya kwanza, sisi tukihama zinatufuata?"

Nikamwambia kwamba fedha hukaa pale mtoto alipohesabiwa.

"Basi afadhali samaki," akasema. "Yeye ukimfuata unampata."

Kisha alijifuta mikono, akachomoa bahasha iliyokuwa chini ya ndoo, akanipa. Ilikuwa fomu ya kumwandikisha mtoto kwa mwaka mpya, na kalamu alinipa ya wino. Tuliijaza pamoja. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya cheti, ambacho hatimaye kilikuwapo. Jina la baba, kazi ya baba. Tulipofika penye makao ya kudumu nilimwuliza niandike nini. Alifungua kinywa, kisha wakaja wateja watatu kwa pamoja, na mmoja wao alitaka chenji ya elfu. Mtoto akaruka kutoka kwenye kreti akaenda kuitafuta. Nilingoja, kalamu mkononi, na upepo ulipokuja kutoka upande wa bandari nikaweka daftari langu la utafiti juu ya ile fomu isipeperuke.